Koki Isiyopunguzwa Bei

"Kwa mamlaka niliyo nayo kama mkuu wa nyumba hii," alisema Baba, akiwa amesimama mbele ya kikombe chake cha chai kana kwamba ni kipaza sauti, "natangaza kwamba koki ya sinki la bafuni imeondolewa rasmi katika utumishi kuanzia leo asubuhi. Mwenye haja ya kunawa atachota kwenye ndoo iliyowekwa chini ya sinki hilo. Ndoo hiyo isisogezwe."

Kisha akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, ingawa alisubiri kidogo.

Koki yenyewe haikuwa imepata taarifa. Kutoka bafuni ilisikika ikidondosha tone, ikitua, ikidondosha jingine, kama mtu anayetaka kusema jambo na kila mara akaghairi. Binti, aliyekuwa ameshika kipande cha mkate tangu mkate huo ulipokuwa wa moto, alikihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Usiku kucha alikuwa amelisikiliza tone hilo. Alilala kifudifudi, akalala chali, akalala kwa ubavu, na mwishowe akakubali kwamba si koki iliyomnyima usingizi. Koki ilikuwa tu ndiyo pekee iliyokesha pamoja naye.

"Nani atanunua mpya?" aliuliza Mama.

"Jukumu hilo amekabidhiwa yule kijana wa mizani."

Mkate ukaanguka.

"Amekabidhiwa na nani, Baba?"

"Na kikao."

"Kikao gani?"

"Cha jana jioni. Tulihudhuria mimi na shangazi yako. Akidi ilitimia."

Shangazi, dada mkubwa wa Baba na katibu wa kudumu wa vikao vyote vya nyumba ile, alitikisa kichwa kuthibitisha huku akiendelea kutafuna.

Baba alikuwa ametumikia ofisi ya manunuzi ya serikali tangu ujana wake, na siku alipostaafu alirudi nyumbani na ofisi nzima kichwani. Katika nyumba ile hata chumvi haikununuliwa bila kulinganisha bei za maduka kadhaa. Majirani walimwita Mwenyekiti, baadhi yao kwa heshima. Jambo moja alijivunia kuliko pensheni yake: tangu azaliwe hakuwahi kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa.

"Kijana ameleta ombi kwamba angependa kuja kusema jambo lake," aliendelea. "Sijakataa. Nimesema, kabla sijamsikiliza, na aniletee koki. Iwe imara, na bei iwe ya kiungwana. Alasiri kikao kitaikagua. Ikipita, atasikilizwa. Isipopita, atakunywa chai na kwenda zake."

"Unampima mtu kwa koki?"

"Yeye anawapima wenzake mwaka mzima. Acha naye apimwe. Na wewe utaandamana naye kama shahidi. Nataka kujua alivyopatana."

"Mwanamume asiyejua kupatana," alisema Shangazi, baada ya kumeza, "atakuletea kila kitu nyumbani kwa bei ya wageni. Utazeeka fukara, mwanangu, na risiti zako zote mkononi."

Binti alisimama, akaketi, akasimama tena. Jikoni, Mama alimfuata na sahani ambazo hazikuhitaji kupelekwa.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Jumatatu ni keshokutwa."

"Najua, Mama."

"Unangoja nini?"

"Nangoja aniulize kitu. Kitu chochote. Hata akiuliza mbona nimekonda."

Mama alimtazama. Hakuwa amekonda hata kidogo, lakini kulikuwa na kitu katika uso wake kilichokuwa kikienda huku na huko bila kupata pa kukaa. Binti huyu alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali ya mji, na mkuu wa idara yake alikuwa amemwita wiki iliyokwisha na kumpa habari ambayo watu wengine huishangilia: hospitali ya mji mwingine, safari ya siku nzima kutoka pale, imepata mashine mpya, nayo inamtaka yeye aisimamie. Jibu linatakiwa Jumatatu. Ndiyo au hapana. Mkuu wa idara hakuweka nafasi ya "ngojeni kwanza nione mtu mmoja atasemaje."

Mtu mmoja huyo alikuwa akingoja langoni, amevaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ambayo mashati mengine hayana.

Alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yake ilikuwa kupita sokoni na madukani akihakikisha kwamba kilo ni kilo. Walikutana, huu ukiwa mwaka wa tatu, kwa sababu ya ajali ya kazini: jiwe la mizani, likiwa bado linabishaniwa uzito wake halisi, lilimwangukia kwenye kidole cha shahada, na kidole hicho kikaletwa chini ya mashine ya Binti. Mfupa uliunga, ila uliunga kwa mawazo yake wenyewe. Tangu siku ile kidole kile kilielekea kando kidogo, kama kinachomwonyesha mtu mwingine aliyesimama jirani.

"Umelala?" alimuuliza.

"Vizuri," alidanganya Binti. "Twende."

Alitembea upesi. Mkaguzi alitembea kama anavyotembea siku zote, akitazama kila kibanda, na kila kibanda kikimtazama. Barabara ile ya maduka ilikuwa na desturi ya kunyooka alipopita. Muuza vitunguu, aliyekuwa amekilaza kidole gumba kwenye sahani ya mizani yake kwa utulivu wa mtu aliyekizoea pale, alikiondoa na kujikunia sikio.

"Wanakuogopa," alisema Binti.

"Wanaogopa sheria."

"Sheria haina shati jeupe. Wanakuogopa wewe. Tena leo unatakiwa upatane bei. Umewahi kupatana na mtu?"

"Tangu nianze kazi hii, hapana."

"Kwa hiyo unafanyaje ukitaka nyanya?"

"Nalipa bei ninayoambiwa."

"Mungu wangu," alisema Binti kwa sauti ya chini, na akaongeza mwendo, kana kwamba koki zingeisha.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa refu na jembamba, lenye harufu ya rangi na kamba mpya. Mwenye duka, mtu mnene aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, aliwaona wakiingia. Bila kusema neno alivua koti lake na kulitupia juu ya mizani ya misumari.

"Karibu, mkaguzi. Mizani haipo leo."

"Naiona chini ya koti."

"Ipo, lakini haifanyi kazi. Imepumzika."

"Nimekuja kununua koki."

"Koki hazipimwi, mheshimiwa. Zinauzwa mojamoja."

"Najua. Nataka moja."

"Kuna malalamiko gani kuhusu koki zangu?"

"Hakuna malalamiko. Nataka kununua koki ya sinki la bafuni."

Mwenye duka alimgeukia Binti, kwa macho ya mtu anayeomba mkalimani.

"Anataka koki," alisema Binti. "Kweli kabisa. Ya kunawia."

Zikaletwa. Zilipangwa kaunta nzima, zote zinang'aa, zote zimeinamisha shingo kama wanakwaya waliokosea. Mkaguzi alianza upande mmoja. Alichukua koki, akaipima kwa kiganja, akaiweka. Akachukua nyingine iliyofanana nayo kama pacha, akaipima, akaiweka mkononi mwa Binti.

"Shika hii. Sasa shika na hii."

"Hii nyepesi."

"Hiyo nyepesi mwili wake si shaba. Imepakwa tu mng'aro juu. Baada ya mwaka mng'aro utabanduka na shingo itapasuka. Tia kidole ndani ya mdomo wake. Kunakwaruza?"

"Kunakwaruza."

"Walipopaka ni panapoonekana tu." Alifungua mpini wa nyingine, akaufunga, akaufungua. "Hii mpini unacheza. Ile pale ndani ina kipande cha mpira. Mpira ukilika, inaanza kudondosha kama ya kwenu. Tutafute yenye kifungio cha kauri. Na uzi wake wa kukazia lazima ulingane na wa bomba la ukutani, la sivyo mtavunja vigae."

"Hiyo ya kauri ipo," alisema mwenye duka, akiishusha kutoka rafu ya juu. "Dhamana miaka mitano. Na ndani ikichakaa, kifungio kinauzwa peke yake, hununui koki nzima."

Mkaguzi aliipokea. Aliipima. Aliizungusha kwenye mwanga. Aliusogeza mpini kushoto, kulia, juu, chini. Aliitazama chini ya kitako. Kisha akairudia ile ya kabla yake ili ailinganishe, halafu ile ya kabla ya hiyo, na Binti, aliyekuwa akipiga kaunta kwa kucha bila kujua, alipiga kaunta kwa kiganja kizima.

"Asubuhi yote unachagua koki. Mimi ulinichagua kwa muda gani?"

Mwenye duka aliingiwa ghafla na hamu ya kupanga misumari.

Mkaguzi aliweka koki chini. Alifikiri, na alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri. Hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfanya Binti ampende, na mojawapo ya mambo yaliyomfanya atamani kumrushia kitu.

"Wewe sikukuchagua," alisema. "Nilivunjika kidole."

"Basi?"

"Nikaletwa chumbani kwako. Ukaniweka kwenye benchi, ukaniambia nisitikisike." Alimtazama. Macho yake yalikuwa ya kahawia na ya mtu mkweli, ambayo ni mzigo mkubwa kwa anayetazamwa. "Sijatikisika mpaka leo."

"Ndiyo tatizo lenyewe," alisema Binti, lakini sauti yake ilikuwa imepungua uzito, na ilimlazimu kuangalia pembeni, kwenye rafu ya bawaba.

"Tunachukua hii ya kauri," Mkaguzi alimwambia mwenye duka. "Bei gani?"

Mwenye duka alitaja bei. Kisha, bila kuombwa na mtu yeyote, akaishusha. Alipoona uso wa Mkaguzi haujabadilika akaishusha tena, na jasho likamtoka.

"Bei uliyosema kwanza, ndiyo bei yake?"

"Ile ni ya mtu wa kawaida, mheshimiwa."

"Mimi ni mtu wa kawaida."

"Wewe?" Mwenye duka alimtazama Binti tena. "Dada, nisaidie."

"Nitalipa ya kwanza," alisema Mkaguzi. "Mwezi ujao nitakuja kuikagua mizani iliyo chini ya koti lako. Ukinipunguzia leo, siku hiyo nitakuwa nimekwisha kulipwa."

Hapo Binti aliona alasiri nzima mbele yake: Baba amevaa miwani, Shangazi amenoa kalamu, na swali la kwanza, alikupunguzia kiasi gani. Alipiga moyo konde, akajiingiza kati ya mpenzi wake na kaunta.

"Kaa nje," alimwambia. "Nenda ukaangalie ndoo. Koki hii nanunua mimi. Kaka, tuanze upya. Mimi siijui mizani yako na sitaki kuijua. Nipe bei ya mtu mwenye baba mkali."

"Dada yangu," alisema mwenye duka, na uso wake ukafunguka kama dirisha, "kwa wewe..."

"Hapana," alisema Mkaguzi.

Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, na alizungumza kwa sauti ileile anayoitumia anapomsomea mfanyabiashara kifungu cha sheria.

"Ni wajibu wangu kukufahamisha kwamba huyu ni mchumba wangu, na kwamba nina nia ya kumwoa. Punguzo lolote utakalompa yeye utakuwa umenipa mimi. Nimelitamka mbele yako ili usije ukasema hukujua."

Msumari mmoja ulianguka kutoka mkononi mwa mwenye duka.

Neno hilo Binti alikuwa amelingoja mwaka wa tatu sasa. Alikuwa amelipangia mahali: wakati mwingine bustanini, wakati mwingine ngazini kwao taa zikiwa zimezimika. Hakuwahi kulipangia kati ya mapipa ya rangi, tena likiwa limevaa sare ya kazi. Alijikuta akitabasamu hata hivyo. Tabasamu halina adabu ya kungoja mazingira.

"Hongereni," alisema mwenye duka kwa unyonge, na akapokea bei kamili.

Nje, jua lilikuwa kali na Binti akatembea upesi zaidi, kisha akasimama katikati ya njia hivi kwamba mwanamke mwenye kikapu alilazimika kuwazunguka.

"Umemwambia muuza misumari kabla hujaniambia mimi."

"Ilibidi."

"Ilibidi! Na kuniambia mimi, lini ingebidi?"

"Leo alasiri. Baba yako akikubali. Nilitaka kila kitu kiende kwa utaratibu."

"Wananihamisha," alisema Binti.

Alikuwa amejiandaa kulisema kwa namna nyingi. Lilitoka kama mtu anayedondosha sahani. Alimweleza yote palepale: mashine mpya, mji ule wa mbali, Jumatatu. Mkaguzi alisikiliza huku amelishika sanduku la koki kifuani. Binti alipomaliza, uso wa Mkaguzi ulikuwa umepauka kuliko shati lake.

"Unataka kwenda?"

"Nakuuliza wewe."

"Mashine hiyo ni bora?"

"Ni bora kuliko yoyote niliyowahi kuigusa. Usinikwepe."

"Sikukwepi." Alilisogeza sanduku kifuani. "Mimi nimekaa miaka yangu yote nikiwakataza watu wasiweke kidole kwenye sahani. Nikikwambia usiende, nitakuwa nimefanya hilohilo. Hili ni lako. Pima mwenyewe, mimi niwe mbali."

"Nimepima wiki nzima. Mshale hausimami. Unakwenda huku, unarudi huku, sili, silali." Alimsogelea hadi sanduku la koki likawa ndicho kitu pekee kilichowatenganisha. "Nani amekwambia mimi ni vitunguu? Weka kidole. Weka mkono mzima."

Mkaguzi alikiinua kidole chake kilichopinda kutoka kwenye sanduku. Binti alingoja. Watu walipita. Kidole kikarudi kwenye sanduku.

"Basi sawa," alisema Binti, akaanza kutembea. "Nyumbani nitawaambia ulipunguziwa."

"Usiwaambie hivyo."

"Unajua baba yangu atafanya nini?"

"Najua. Usiwaambie hivyo."

Alasiri, kikao kilifunguliwa sebuleni. Baba aliketi kichwani mwa meza, Shangazi kuliani kwake na kalamu, Mama karibu na mlango wa jikoni kama mjumbe asiye na kura. Mkaguzi aliwekwa upande wa pili, kwenye kiti chenye mguu mfupi ambacho siku zote walipewa wageni wasiojulikana hatima yao. Binti alikataa kuketi. Alisimama dirishani, akaenda kwenye kabati, akarudi dirishani. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi, na tone lilisikika likiingia ndooni.

Katikati ya meza Baba aliweka mizani ya jikoni, na juu ya mizani akaweka koki.

"Sanduku linadai uzito fulani," alisema. "Mimi huwa sisomi masanduku."

Mkaguzi aliitazama mizani ile kwa uchungu wa daktari anayeona mtu akikohoa barabarani.

"Mzee, samahani. Mizani hii ilikuwa inasoma kabla haijawekewa kitu."

"Mizani hii ina umri mkubwa kuliko wako."

"Ndiyo maana mikate yangu haiumuki," alisema Mama kutoka mlangoni.

"Mjumbe atazungumza akipewa nafasi," alisema Baba. Aliinua koki, akaigonga kwa ukucha, akatia kidole mdomoni mwake, akazungusha mpini. Alifanya yote aliyofanya Mkaguzi dukani, kwa mpangilio uleule, na Binti akaona kwa mshangao, na kwa hofu kidogo, kwamba wanaume wale wawili walifanana. "Shaba. Kauri. Uzi sawa. Dhamana?"

"Miaka mitano, mzee."

"Katibu, andika: ubora hauna dosari." Koki ikarudi kwenye sahani. "Tuje kwenye bei."

Mkaguzi aliitaja.

"Hiyo ndiyo ya kuanzia. Ulimaliza kwa ngapi?"

"Kwa hiyohiyo."

Kalamu ya Shangazi ilisimama. "Hukuomba upunguziwe?"

"Sikuomba, shangazi."

"Shahidi," alisema Baba.

Binti aligeuka kutoka dirishani. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mdogo, wa heshima, usiomdhuru yeyote. Kiasi kidogo tu, Baba, alipunguziwa kidogo. Alimtazama mtu aliyeketi kwenye kiti kibovu bila kuyumba, na akajua kwamba akiusema, ataupata uchumba na kumpoteza mchumba.

"Hakuomba," alisema. "Muuzaji mwenyewe alimpunguzia, tena zaidi ya mara moja. Yeye akakataa."

"Alikataa nini?"

"Punguzo."

Baba alivua miwani. Katika utumishi wake mrefu alikuwa amekutana na wezi, wajinga, na waliochanganya vyote viwili kwa ustadi. Lakini mtu aliyepewa punguzo akalirudisha hakuwahi kuketi mbele yake.

"Lilipelekwa mkononi mwako, ukalirudisha?"

"Ndiyo, mzee. Namkagua yule muuzaji."

"Huyu atamlisha mtoto wetu nini?" Shangazi aliuliza hewa. "Uaminifu wa kuchemsha?"

"Ni jambo la heshima," alisema Baba polepole, na kwa kitambo uso wake ukawa wa mtu anayekumbuka. Kisha akarudisha miwani. "Lakini heshima haikuwamo katika masharti. Masharti yalisema bei ya kiungwana. Kikao kitajadili. Mgeni una la kuongeza?"

"Nina jambo moja, mzee. Liko nje ya ajenda."

"Nje ya ajenda hakuna jambo."

"Basi liandikwe kwamba lilikuwa nje."

Alinyanyuka. Hakumtazama Baba wala Shangazi. Alimtazama Binti, na alinyoosha mkono juu ya meza, taratibu, kama mtu anayetoa mkono wake gizani. Kidole kile kilichopinda kikatua kwenye sahani ya mizani, kando ya koki. Mshale ukaruka.

"Usiende," alisema.

Binti aliacha kutembea. Mgongo wake ulikuwa umeegemea kabati, na vyombo ndani yake vililia kidogo.

"Anafanya nini huyu?" aliuliza Baba.

"Anaharibu mizani," alisema Shangazi.

"Mkono mzima," alisema Binti, na sauti yake ilikuwa karibu haisikiki.

Akaweka mkono mzima. Mshale ulikwenda mpaka mwisho wa namba, ukagonga chuma kidogo kilichowekwa pale kuuzuia, ukabaki pale ukitetemeka. Mtu aliyekuwa amekataa zawadi, soda na hata kikombe cha chai katika kila duka la mji ule alikuwa amesimama mbele ya mashahidi wanne akiiba waziwazi, na masikio yake yalikuwa mekundu, na mkono hakuuondoa.

"Usiende wapi?" Baba aliuliza. "Nani anakwenda wapi?"

"Anahamishwa kikazi," alisema Mama. "Jibu ni Jumatatu."

"Taarifa hiyo haikupitia kwangu."

"Haikupitia."

Binti hakuwasikia. Alikuwa akitazama mkono ule. Alijua kila mfupa ndani yake. Aliwahi kuiona yote ikiwa myeupe juu ya weusi, kabla hajajua hata jina la mwenyewe. Alitamani kuvuka zulia na kuuwekea wake juu, na angevuka, ila kitu kilimshika palepale kabatini. Alikuwa ameomba aambiwe, na sasa ameambiwa. Alikuwa amedhani siku hiyo mshale ungesimama. Badala yake aliiona mashine ile mpya kwenye chumba chake cheupe, ikimngoja, haijaguswa na mtu. Na aliuona mkono huu. Na vyote viwili vilimvuta kwa nguvu iliyozidi ya jana. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo haikuwa ndogo: jana alikuwa akipima peke yake.

"Nimesikia," alimwambia. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Usiuondoe kwanza."

"Siuondoi."

Tone lilianguka ndooni. Baba aliinama kumnong'oneza Shangazi, Shangazi akamnong'oneza Baba, Mama akasogea asikie akafukuzwa kwa macho. Mashauriano yalikuwa marefu, na wakati wote huo koki mpya ilibaki juu ya mizani chini ya kiganja cha Mkaguzi, ikiwa na uzito ambao hakuna koki iliyowahi kuwa nao. Kisha Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, na Shangazi akasoma.

"Kikao, baada ya kuridhika na ubora na kutoridhika na bei, kimeazimia yafuatayo. Koki haikukataliwa wala haikukubaliwa. Itahifadhiwa kabatini ndani ya sanduku lake. Posa haikukataliwa wala haikukubaliwa. Itahifadhiwa pamoja na koki. Suala la uhamisho, kwa kuwa halikuwasilishwa kwa utaratibu, limeahirishwa hadi Jumanne. Ndoo ibaki ilipo."